Nyekundu Inakwenda Kwenye Bodi

Kuna swali moja nikilisikia damu inanipanda kichwani. "Fundi yuko wapi?" Nimeulizwa hivyo nikiwa chini ya gari, miguu tu ndiyo inayoonekana, khanga nimeifunga juu ya suruali ya marehemu baba. Nimeulizwa nikiwa nimeshika kabureta mkononi, petroli inanichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Mtu anasimama mlangoni mwa banda, ananipa kamwene yake, salamu ya kwetu Wahehe, kwa adabu, namjibu, halafu anaanza kutupa macho huku na huku akimtafuta mwanaume. Zamani nilikuwa namwambia asubiri kidogo. Nanawa mikono, nafungua kilemba, nakifunga upya, narudi pale pale nilipokuwa na kumwambia haya, fundi amefika, unasemaje. Siku hizi sina subira hiyo. Namwambia arudi alikotoka.

Kazi inayonilisha ni cherehani. Nina meza ya kukatia na mashine mbili hapa Kihesa, Iringa, na nusu ya kwaya za mji huu zimewahi kuimba zikiwa ndani ya nguo nilizozikata mimi. Gari ni la nyuma ya nyumba. Ni la Kiingereza, la mbio, la viti viwili, halina paa bali turubai la kukunja, na limekaa chini kiasi kwamba ukiliegesha karibu na mbuzi mnatazamana macho kwa macho. Linanizidi umri. Baba alikuwa fundi kwenye shamba la tumbaku la mzungu mmoja, na mzungu huyo alipofunga mizigo kurudi kwao alimwachia gari hilo liwe asante ya miaka yote ya kazi. Watu husimulia jambo hilo kana kwamba ni wema. Gasketi ilikuwa imeungua, injini imejaa maji, na nchi nzima hapakuwa na mtu wa kulinunua. Alimwachia taka, na baba akaigeuza gari.

Niliingia kwenye kazi hiyo mtu mzima. Niliachika, nikarudi nyumbani na cherehani yangu na sanduku moja, na baba hakuniuliza kitu. Mama alikuwa ameshafariki. Kesho yake asubuhi baba alinipeleka bandani, akafungua boneti, akanionyesha nati moja iliyojificha nyuma ya kabureta ya pili. Alisema vidole vyake vimevimba, haviingii tena, hebu nijaribu mimi. Vyangu viliingia. Basi ikawa hivyo, kwa miaka kumi na mitano, mpaka macho yake yalipokwisha na mikono ikaanza kumtetemeka, akawa anakaa kwenye kiti cha kamba pembeni na mimi ndiye ninayefungua na kufunga.

Alinifundisha kwamba gari hili halitaki spana za siku hizi. Nati zake ni za inchi. Spana namba kumi na tatu inaingia kwenye nati ya nusu inchi, inakudanganya kwamba imekaa, ukikaza inasaga kona zote na nati inabaki duara. Alinifundisha kuweka mafuta ya cherehani kwenye vikombe vya juu vya kabureta, akicheka kwamba Mungu alijua atazaa binti fundi nguo. Zaidi ya yote alinifundisha kusikiliza. Kabureta ni mbili, na lazima zivute hewa sawasawa. Unachukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja unaiweka sikioni, nyingine mdomoni mwa kabureta, unasikia jinsi inavyovuta. Unahamia ya pili. Unakaza skrubu kidogo, unarudi ya kwanza. Unaweza kumaliza asubuhi nzima hivyo, na siku zikikaa sawa injini inatulia, sauti mbili zinakuwa moja, na baba alikuwa anafumba macho kwenye kiti chake na kusema, "Hapo."

Mafundi wa mjini waliolijia gari hilo walikuwa na ushauri mmoja, wote, utadhani walikaa kikao. Toa hiyo injini, mama, weka ya Kijapani. Hawajalisikia hata likiwaka. Hawajui ni kwa nini lina kabureta mbili. Wanachojua ni kwamba spea hazipo, na kitu kisicho na spea kwao ni maiti. Mmoja alilipiga teke tairi akiongea. Nilimwambia akipige teke na kiti alichokalia baba, nione kama ana ujasiri.

Na kulikuwa na jambo la betri, ambalo ndilo ninalotaka kulieleza, kwa hiyo nilieleze vizuri. Betri ina vichwa viwili, chanya na hasi. Magari yote unayoyaona barabarani leo hasi ndiyo inayofungwa kwenye bodi, yaani kwenye bati la gari lenyewe. Mafundi wanaipaka chanya rangi nyekundu, na aliyekaa gereji hata wiki moja anajua kwamba nyeusi inakwenda kwenye bodi, nyekundu haigusi. Gari letu ni kinyume. Waingereza wa enzi zile waliamua chanya ndiyo ikae kwenye bodi, sababu wanaijua wenyewe. Baba alichukua brashi akaupaka rangi nyekundu waya mfupi unaoshika bodi, ili asiwepo mtu wa kusema hakuonyeshwa. "Hapa nyekundu inakwenda kwenye bodi," aliniambia. "Ukisahau yote, hilo usisahau."

Nina mdogo wangu mmoja, wa kiume, ndiye pekee niliyezaliwa naye. Anaishi Mbeya, na duka lake la spea liko Iyunga, kando ya barabara kuu. Wakati huo alikuwa anakuja nyumbani Krismasi na Pasaka, na kila tukimaliza chai mimi na baba tulikuwa tunaingia bandani. Hakuna aliyemkataza kuingia. Hakuna aliyemwita pia. Banda ni dogo, ndivyo tulivyokuwa tunasema.

Mwaka wake wa mwisho baba aliniambia gari ni langu. Tulikuwa wawili tu, nimetoka kulijaribu barabara ya Idodi, ile sehemu iliyonyooka, nikamweleza lilivyokwenda. Akasema, "Hili lako, wewe ndiye unayelijua." Nilisema asante baba na kuendelea kufuta vumbi. Sikukimbia kuita majirani. Nani anakimbia kuita majirani baba yake akimwambia neno?

Baba alifariki msimu wa baridi. Siku ya kuanua tanga ukoo ulikaa uani, wazee kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka, na baba mkubwa, kaka yake baba, akasimamia ugawaji. Sisi ni Walutheri, wa kwenda kanisani kila Jumapili na kulipa ahadi. Lakini kwenye kugawa vitu vya marehemu Injili inawekwa kabatini mpaka shughuli iishe. Koti lilipata mtu. Jembe, redio, saa, vyote vilipata watu. Ikafika zamu ya gari, na baba mkubwa akasema gari ni silaha ya marehemu, na silaha inakwenda kwa mtoto wa kiume.

Nikasimama. Nikasema baba alinipa. Akaniuliza nani alisikia. Nikasema nilisikia mimi. Wazee wakatazama chini, ile ya kumwonea mtu huruma. Nikasema basi hesabu miaka, kumi na mitano, nani alikuwa anashika spana, nani alikuwa anashonea viti, nani alikuwa anaamka baba akitaka kusikia injini. Baba mkubwa alinisikiliza mpaka nikamaliza, kwa upole, na upole huo ndio ulionichoma. Kisha akasema, "Mwanangu, wewe ni mke wa watu. Gari likienda kwako limekwenda kwa wakwe."

Mke wa watu gani? Yule mwanaume ana mke mwingine na watoto wanne. Nilimkumbusha kwamba niliachika, kila aliyekaa pale alijua. Akasema anajua. Lakini ng'ombe wa mahari yangu hawakurudishwa. Ng'ombe walikuja kwenye ukoo, wakala majani, wakazaa, wakaliwa, na kwa kuwa hakuna aliyewarudisha, basi kwa hesabu ya ukoo mimi bado nimeolewa. Walikula ng'ombe wao, halafu wakanihukumu kwa kuwa wamewala. Nilitazama benchi lote nikitafuta mtu mmoja wa kuona aibu. Funguo akapewa mdogo wangu. Alizipokea kwa mikono miwili, macho chini, hakusema neno la kunitetea. Nilimhesabia na hilo.

Kesho yake asubuhi alitaka kuondoka nalo kwenda Mbeya, mbele ya wazee, ili waone mtoto ameshika nafasi ya baba. Betri ilikuwa imekufa kipindi cha msiba, maana hakuna aliyegusa gari. Akaenda mjini, akarudi na betri mpya mabegani, akafungua boneti. Wazee wakasogeza mabenchi. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa jikoni, mikono nimeifunga kifuani.

Aliuona waya mwekundu kwenye bodi, akatabasamu, akawaambia wazee, "Mzee alishaanza kuchanganya mambo. Nyekundu kaifunga kwenye bodi." Baba mkubwa akacheka kidogo, kicheko cha msibani. Mmoja akasema uzee kazi.

Ningeweza kusema wakati ule. Sentensi yenyewe fupi, baba aliniachia ikiwa tayari imetungwa. Lakini walikuwa wanamcheka baba yangu siku moja baada ya kuanua tanga lake, na anayemcheka ndiye aliyepewa funguo. Nikafunga mdomo. Nilijiambia: mwenye gari ni yeye, basi alijue gari lake.

Hata betri yenyewe ilimkatalia. Kichwa cha chanya ni kinene kuliko cha hasi, na vibanio vya gari letu vimefuata hivyo. Kimoja hakikuingia, akakipanua kwa bisibisi. Cha pili kikalegea, akakata kipande cha kopo la soda, akakikunja mara mbili, akakichomeka katikati ili kibane. Ilimchukua muda mrefu. Mara mbili alinyanyua uso akanitazama, na leo nikikumbuka naamini alikuwa anataka nimsaidie. Mara zote mbili niliangalia pembeni.

Gari likawaka. Hilo watu hawaamini, lakini starta haijali, inazunguka vilevile. Wazee wakapiga makofi. Mdogo wangu akanitazama tena, safari hii akicheka, si kwa ubaya, kama mtu anayesema dada umeona. Gari lilikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni, turubai limekunjwa, nami nilikuwa naangalia mshale wa chaji kwenye dashibodi. Ulikuwa umelala upande usiotakiwa. Nilijua kinachofuata. Akikanyaga mafuta, dinamo itapeleka umeme wake kinyume na betri, na vitakutana kwenye katauti, kile kisanduku cheusi kinachoongoza chaji. Nilikuwa bado na nafasi ya kusema zima.

Akakanyaga. Moshi ukatoka chini ya dashibodi, mweupe, kisha mweusi, na harufu ya nguo inayoungua, kwa sababu nyaya za magari ya zamani zimevishwa pamba. Aliruka nje. Nilikimbia, wakati huo sasa ndipo nilipokimbia, nikang'oa waya wa betri kwa khanga. Nyaya zilikuwa zimeungua kuanzia katauti mpaka nyuma ya usukani. Nyaya ambazo baba alizifunga kwa mikono yake.

Baba mkubwa akavua kofia. Akasema kwa Kihehe, taratibu, kwamba mwenye mali amekataa.

Mnaelewa alichosema. Alisema baba, kutoka kaburini, amemkataa mwanawe wa kiume mbele ya ukoo mzima. Wazee wakaitikia. Wale wale waliosema jana kwamba neno la baba kwangu halina shahidi, leo walikuwa na shahidi, moshi. Sikuwahi kuona watu wazima wakibadili msimamo kwa haraka namna ile. Mdogo wangu alisimama na masizi mikononi. Alinifuata, akaniwekea funguo kiganjani, akaenda kuoga. Mchana huo alipanda basi. Betri mpya aliiacha pale pale chini.

Na mimi nilifurahi. Sitajipamba hapa. Niliingia bandani, nikakaa kwenye kiti cha baba, nikasema moyoni kwamba haki imetendeka. Nilikuwa na hasira yenye sababu zote, na mtu mwenye hasira ya namna hiyo hajitazami kwenye kioo.

Kurudisha nyaya kulinichukua miaka minne. Nilizitoa zote kama mtu anavyotoa matumbo ya kuku, nikazilaza juu ya meza ya kukatia nguo, nikazichora kwenye karatasi kama ninavyochora patroni ya gauni. Rangi hazikusomeka tena, nikawa nazifuata moja moja kwa urefu. Nyaya mpya nilizivisha pamba niliyoishona mwenyewe. Katauti haikupatikana Iringa wala Mbeya mjini, mpaka nikaambiwa kuna lori kuukuu la Kiingereza limetelekezwa Makongolosi, kwenye machimbo. Nilikwenda, nikaipata. Mwenye lori aliniuliza fundi wangu yuko wapi, nikamwuliza katauti iko wapi. Wakati wa kurudi nililala Mbeya, kwenye nyumba ya wageni, na Iyunga ni mwendo mdogo tu kutoka pale. Sikumpigia mdogo wangu simu. Nilisema moyoni yeye ndiye aliyeacha kuja.

Ni kweli alikuwa ameacha. Krismasi nne na Pasaka nne. Nilijiambia ni kiburi.

Halafu mwaka huu wifi yangu, mke wake, akanipigia. Binti yao alikuwa anachumbiwa, wageni wanakuja Jumamosi, na baba wa binti amekataa kukaa kuwapokea. Alisema watafute mzee mwingine. Wifi alimbembeleza wiki nzima, ndipo akamwambia kwamba mtu aliyekataliwa na baba yake hana baraka ya kumpa mtoto wake. Wifi alikuwa analia kwenye simu. Aliniuliza kama mimi, niliyekuwa na marehemu siku zote, najua mdogo wangu alimkosea nini baba. "Wifi, alifanya nini? Niambie tukaombe msamaha."

Nilimwambia nakuja. Nilipokata simu, mtu niliyemkasirikia sikuweza kumweka kwenye benchi pamoja na wazee, alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na mikono kifuani.

Nilikwenda na gari. Lingeweza kunisimamisha njiani, lakini jambo lenyewe lilihitaji kuonekana kwa macho. Niliondoka kunapambazuka, koti la baridi na vilemba viwili, nikapita misonobari ya Mafinga, nikala viazi Makambako, nikateremka kwenye joto la Igawa. Malori yalinipigia honi njia nzima. Trafiki mmoja alinisimamisha, akalizunguka gari mara mbili, akauliza ni la nani. Nikasema langu. Akauliza tena, la nani hasa. Nilimwonyesha kadi nikiwa nimeuma meno. Kuanzia Chimala niliona injini inagunaguna kidogo nikiachia mafuta, lakini ilikuwa inavuta, na nikawaza hakuna mwingine wa kusikia.

Nilifika Iyunga mchana wa saa tisa. Mdogo wangu alitoka dukani aliposikia mlio, na alipoona ni gari gani alisimama hatua kumi mbali. Amekonda. Alinisalimia, "Shikamoo dada," mikono akiwa ameiweka nyuma, kama mtu aliyeambiwa asiguse. Nilizima injini, nikafungua boneti, nikamwita asogee. Hakusogea. Ikabidi nisemee pale pale, watu wanapita.

"Nyekundu inakwenda kwenye bodi," nikamwambia. "Gari hili ni kinyume na mengine. Baba hakuchanganya kitu. Nilikuona unafunga vibaya, nikanyamaza. Niliona mshale, nikanyamaza tena."

Alisogea. Akainama, akautazama waya mwekundu, akaufuata kwa kidole mpaka kwenye bati. Yeye ni muuza spea, hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

"Kwa hiyo siku ile haikuwa baba."

"Haikuwa baba. Ni mimi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Njiani nilikuwa nimeshayapanga na majibu yake, mahari, wazee, funguo, miaka kumi na mitano, yote ya kweli, na pale hayakuwa na kazi. Akasema, "Miaka minne sijaenda kaburini. Nilidhani nitamchafulia." Halafu akanyoosha mkono akaomba funguo. Nikampa. Akakaa kwenye usukani, akaliwasha, akaingia barabara kuu kuelekea Mbalizi bila kunitazama.

Nilibaki nimekaa kwenye kreti mbele ya duka lake. Sikujua kama atarudi, na sikuwa na haki ya kuuliza. Akaja kijana wa bodaboda anataka kebo ya klachi, akatazama ndani, akaniuliza fundi yuko wapi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu swali hilo halikunipandisha hasira. Nilimwambia ametoka, nami sijui kama anarudi.

Alirudi baada ya saa nzima hivi. Nywele zimejaa vumbi, macho mekundu, na upepo wa gari lisilo na paa humpa mtu kisingizio. Hakushuka. Injini aliiacha inawaka, akaegemea usukani akisikiliza.

"Dada, sijakusamehe," akasema. "Lakini kabureta ya nyuma inavuta kuliko ya mbele."

Nilimwuliza amejuaje. Baba hakumfundisha. Hakuna mtu aliyemfundisha.

"Kila nikija mlikuwa mnaingia humo ndani," akasema. "Mimi nakaa kwenye benchi nje ya mabati ya banda. Mnasikiliza, na mimi nasikiliza. Baba akisema hapo, na mimi nimeshasikia."

Miaka yote nimewakasirikia watu wanaosimama mlangoni mwa banda na kutoniona, na huyu alikuwa upande wa pili wa bati, nami nilikuwa najua benchi lilipo. Nilifungua buti, nikatoa kipande cha mpira wa maji, kile kile cha baba, nikampa. Akashuka, akauweka sikioni, akainama juu ya injini.

Nikachukua bisibisi, nikasubiri aseme.